Ahadi ya Ubatizo Nyumbani, Kihambani na Usharikani

Mada iliyowasilishwa mbele ya washarika na wageni wa Dayosisi katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika



Utangulizi

Usharika unapotimiza miaka mia moja, jambo la kwanza ufanyalo ni kuhesabu. Huhesabu wachungaji waliouhudumia, mitaa iliyokua ikawa sharika kamili, mabati na matofali ya nyumba ya ibada, na watoto waliobatizwa na kupata kipaimara. Hesabu hizo ni njema, na kitabu hiki kimezitunza katika sura nyingine. Mada hii inashika upande usiohesabika kwa urahisi. Kila jina lililoandikwa katika rejesta ya ubatizo lina ahadi nyuma yake. Wazazi na wadhamini waliahidi kumlea mtoto katika imani. Miaka kadhaa baadaye kijana yule alisimama mbele ya madhabahu, akaikiri imani hiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Wengine waliahidi tena siku ya ndoa, na wengine siku walipoingizwa kazini kuwa wazee wa kanisa. Rejesta huonyesha siku ahadi ilipotolewa. Haionyeshi jinsi ilivyotunzwa.

Basi swali la mada hii ni moja: ahadi ya imani hutunzwa wapi? Wako wanaosema ni ndani ya moyo wa mtu, kati yake na Mungu wake, na watu wengine hawana la kuuliza. Wako wanaosema ni katika mambo ya pamoja: ibada, michango, ujenzi, mazishi na sherehe. Historia ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika mlima huu inafundisha kwamba majibu hayo mawili ni nusu mbili za jibu moja, na kila mara nusu moja ilipoachwa, ile nyingine nayo ilidhoofika.

1. Ahadi inayoanzia kwa Mungu

Kabla ya kusema neno lolote juu ya matendo, Mlutheri anapaswa kukumbuka utaratibu wa mambo. Katika ubatizo, anayeahidi kwanza ni Mungu. Mtoto mchanga aliyeletwa kisimani hana alichokileta. Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kijitabu juu ya uhuru wa Mkristo, na hoja yake kuu ilikuwa hii: mtu aliyepewa kibali na Mungu kwa imani hahitaji tena matendo yake ili ajinunulie kibali hicho, na kwa sababu hiyo mikono yake imebaki huru kwa ajili ya jirani. Asiyejua neema hufanya wema huku akitazama faida yake, hapa duniani au mbinguni. Aliyepokea neema anaweza kumtazama mwenye shida na kuona mtu, wala asione ngazi ya kupandia.

Miaka michache baadaye, katika ukaguzi wa sharika za Saxony alioushiriki kuanzia mwaka 1528, Luther alisikitishwa na hali aliyoikuta vijijini. Watu walikuwa wamebatizwa, walishiriki meza ya Bwana, lakini wengi hawakuzijua hata Amri Kumi wala Sala ya Bwana. Matunda ya masikitiko hayo yalikuwa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Washarika wengi huifahamu kama kitabu cha darasa la kipaimara, kinachofungwa mara mtihani unapokwisha. Lakini haikuandikwa kwa ajili ya darasa peke yake. Sehemu zake zilichapwa kwanza katika karatasi pana za kubandikwa ukutani, na vichwa vyake vilimtaja mkuu wa nyumba kuwa ndiye wa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Mwalimu wa kwanza wa kipaimara, kwa utaratibu huo, ni mzazi.

Jambo la pili katika Katekisimo Ndogo ni namna inavyofafanua amri. Kila amri inayokataza jambo inabeba pia agizo la kutenda jambo. Amri ya Tano haitoshelezwi na mtu asiyeua. Inamtaka amsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake. Amri ya Saba haitoshelezwi na mtu asiyeiba. Inamtaka amsaidie jirani kulinda mali yake na kuboresha riziki yake. Amri ya Nane haitoshelezwi na mtu anyamazaye. Inamtaka amtetee jirani anaposengenywa. Kwa kipimo hicho, mtu anaweza kuishi miaka sitini bila kushika hata ndizi ya jirani, na bado akawa mvunjaji wa Amri ya Saba, kwa kuwa alitazama tu mjane akinyang'anywa.

2. Kanisa katika miaka ya upweke

Injili ilifika katika mlima huu wakati mmoja na utawala wa kigeni, na historia ya kweli haifichi jambo hilo. Wamisionari wa Kiingereza walikuwapo Moshi kuanzia mwaka 1885 mpaka 1892. Wamisionari wa Misioni ya Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894, na Kidia, Old Moshi, mwaka 1896. Mwaka huo huo wa 1896, mwezi Oktoba, wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock waliuawa huko Meru, na majeshi ya Wajerumani yakalipiza kisasi kikali juu ya watu wa Meru na Arusha. Mwaka 1900 Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na utawala huo. Wazee waliopokea ubatizo katika miaka hiyo walifanya kazi ngumu ya kutenganisha neno la Mungu na fimbo ya mtawala, na wapo waliodharauliwa na ndugu zao kwa sababu hawakueleweka.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 serikali ya Kiingereza iliwaondoa wamisionari wa Kijerumani nchini, wakabaki wachache tu wasiokuwa raia wa Ujerumani. Walutheri wa Kanisa la Augustana la Marekani walikuja kusaidia katika miaka iliyofuata, lakini walikuwa wachache mno kwa eneo lote. Wamisionari wa Leipzig walianza kurudi mwaka 1925. Katika kipindi hicho hapakuwa bado na mchungaji mwenyeji aliyebarikiwa katika sharika za mlima. Jambo hilo lilikuja katika miaka ya 1930.

Usharika unaotimiza miaka mia moja katika muongo huu una mizizi katika miaka hiyo ya upweke, au jirani yake kabisa. Kwa hiyo inafaa kuuliza ni nani aliyeshika kazi. Jibu ni walimu na wazee wa kanisa. Walimu waliendesha shule na ibada, wengi wao bila mshahara wa uhakika. Wazee walitembelea wagonjwa, walisuluhisha ugomvi, waliwaandaa watu kwa ubatizo na kuwasubirisha mpaka mwenye mamlaka ya kubatiza apite. Akina mama waliwafundisha watoto sala kando ya mafiga. Watu hao hawakuwa na ofisi wala gari. Walikuwa na ahadi, na walikuwa na wenzao waliotoa ahadi ile ile.

Hali hiyo ilijirudia katika Vita Kuu ya Pili, wamisionari wa Kijerumani walipowekwa kizuizini na kuondolewa tena. Mara mbili katika miaka isiyozidi ishirini na mitano Kanisa hili lilipimwa kwa namna moja, na mara mbili lilisimama. Kutoka katika shule ya majaribu hayo walitoka viongozi kama Stefano Moshi wa Kotela, Mamba, ambaye aliwekwa kuwa askofu mwaka 1960 na kuwa mkuu wa kwanza wa KKKT baada ya makanisa saba kuungana tarehe 19 Juni 1963. Usharika unaosherehekea leo haukuachiwa tu majengo na mashamba. Umeachiwa ushahidi kwamba washarika wa kawaida, wakitunza ahadi zao, wanaweza kulibeba Kanisa pale wenye vyeo wanapokosekana.

3. Wabebao ngao pamoja

Sababu mojawapo iliyofanya sharika hizo zisimame ni jinsi zilivyopangwa. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika nchini mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi Kidia mpaka mwaka 1938, alitumia muda mrefu kujifunza desturi na sheria za Wachagga. Aliona kwamba mtu katika mlima huu hakuishi peke yake. Alishikwa na vifungo vitatu: ukoo, ujirani na rika. Gutmann alifundisha kwamba Injili haikuja kuvikata vifungo hivyo, bali kuvitakasa na kuvitumia. Kwa hiyo usharika uligawanywa kwa ujirani, kila sehemu ikiwa na wazee wake. Vijana waliopata kipaimara pamoja walifungwa katika vikundi vidogo vilivyofananishwa na wapiganaji wabebao ngao pamoja. Wana ngao hao waliwajibika mmoja kwa mwenzake kwa maisha yao: kusaidiana kazi, kuonyana, na kutomwacha mwenzao aanguke peke yake.

Gutmann hakukosea bure wala hakupatia yote. Wengi waliofuata walimkosoa kwa kuuogopa mji na elimu ya kisasa, na kwa kuipamba mno jamii ya zamani kana kwamba haikuwa na dhuluma ndani yake. Vijana wa Kilimanjaro waliotaka shule zaidi hawakukubaliana naye, nao walikuwa na haki. Hata hivyo, wazo la ngao lina neno kwa kizazi hiki. Mwaka hadi mwaka vijana wengi husimama mbele ya madhabahu, hupigwa picha, hufanyiwa sherehe, kisha hutawanyika. Mwingine yuko Dar es Salaam, mwingine Mwanza, mwingine ng'ambo. Nani anajua kama mwenzake wa darasa la kipaimara amekosa kazi, ameingia katika ulevi, au ameacha kabisa kwenda ibadani? Simu iko mkononi mwa kila mtu, lakini aliyepewa jukumu la kupiga simu hiyo hayupo.

Imani ya mtu binafsi isiyo na mwana ngao huwa kama moto wa kijinga kimoja: unaweza kuwaka, lakini upepo mdogo huuzima. Na jumuiya isiyo na imani ya mtu binafsi huwa kama mafiga yasiyo na moto: yamepangwa vizuri, lakini hayaivishi chakula.

4. Sanduku lenye kufuli nne

Mji mdogo wa Leisnig uko Saxony, si mbali na Leipzig ambako wamisionari wa mlima huu walitoka. Mwaka 1523 washarika wa Leisnig walitunga utaratibu wa mfuko wa pamoja, na Luther akauandikia utangulizi. Mapato ya usharika yaliwekwa katika sanduku moja. Kutoka humo zililipwa gharama za mchungaji, shule na matengenezo ya majengo, na humo humo walisaidiwa yatima, wazee, wagonjwa na maskini wa mji. Wasimamizi walikuwa kumi, waliochaguliwa kutoka makundi yote: wawili wa wakuu wa nchi, wawili wa baraza la mji, watatu wa raia wa mji na watatu wa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Bila wakulima kuwapo, sanduku halikufunguka.

Mambo mawili yanaonekana hapo. La kwanza ni kwamba msaada kwa maskini haukuwa mabaki ya bajeti. Ulikuwa ndani ya sanduku lile lile lililomlipa mchungaji. La pili ni kwamba Luther na watu wa Leisnig, ingawa walihubiri neema, hawakudhani kwamba neema inaondoa haja ya kufuli. Walijua moyo wa mwanadamu. Uaminifu wa mtu mmoja ulilindwa na macho ya wenzake.

Utaratibu huo ulikuwa na mzazi wake katika Biblia. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia kwamba wajane wa kundi moja walisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakatokea, na mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi hiyo. Manung'uniko ya wajane yalizaa huduma ya udiakonia.

Usharika wa leo unapokea sadaka ya kawaida, sadaka ya ahadi katika bahasha, sadaka ya mavuno, fedha za mnada wa ndizi na mbuzi baada ya ibada, na changizo za ujenzi. Washarika hutoa kwa moyo, na walio mbali hutuma. Wanaotoa wana haki ya kuona, na wanaotunza wana haki ya kulindwa dhidi ya shutuma kwa taarifa iliyo wazi. Usharika unaosoma mapato na matumizi yake mbele ya wote, ukiwataja wakaguzi wake, haufanyi jambo la kiserikali ndani ya kanisa. Unatunza ahadi. Na swali la Leisnig lingali hai: katika sanduku la usharika, sehemu ya mjane iko wapi, na ufunguo wa mkulima anaushika nani?

5. Kihamba, mjane na jani la sale

Hakuna mahali ambapo imani ya Mkristo wa mlima huu hupimwa zaidi kuliko kihambani. Kihamba ni kaburi la babu, migomba ya mama, kahawa ya baba na jina la ukoo. Lakini kihamba hakiongezeki, na wana wameongezeka. Kilichotosha nyumba moja mwaka 1920 kimegawanywa kwa watoto, wajukuu na vitukuu. Ndugu waliobatizwa katika kisima kimoja na kuimba katika kwaya moja hufikishana barazani kwa sababu ya hatua tatu za mpaka. Mjane huambiwa arudi kwao. Binti aliyemwuguza baba yake kwa miaka mingi huambiwa kwamba mwanamke hana kihamba.

Sheria ya nchi imesema wazi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinatambua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Ni jambo la kusikitisha pale serikali inapomtetea mjane kabla ya mzee wa kanisa kufungua kinywa. Mzee wa kanisa aketiye katika kikao cha ukoo hakuacha uzee wake getini. Anapoona urithi unagawanywa kwa dhuluma akanyamaza ili asiwaudhi ndugu, ameiweka ahadi yake chini ya mgomba na kuifunika kwa majani makavu. Anaposema neno la haki kwa upole, hata likimgharimu, hapo usharika mzima umehubiri.

Wazee wa zamani waliacha alama inayofundisha. Mmea wa sale ulipandwa mpakani mwa kihamba, na jani la sale lilibebwa na mtu aliyekwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa jani hilo hakutakiwa kulikataa. Mmea ule ule ulioonyesha mpaka ulifungua pia njia ya kuuvuka. Mkristo ana zaidi ya jani la sale. Ana msalaba wa Bwana Yesu, na kila anapoikaribia meza ya Bwana anakiri kwamba amesamehewa deni asiloweza kulipa. Itakuwa aibu ikiwa babu asiyejua kusoma alilipokea jani la jirani yake, na mjukuu mwenye shahada anakataa mkono wa ndugu yake mlangoni mwa kanisa.

6. Kundi na aliyepotea

Walutheri wa mlima huu wana neno zuri: kurudi kundini. Aliyeanguka, aliyeishi katika ndoa isiyobarikiwa, aliyeacha ushirika kwa muda mrefu, hupewa mafundisho na kupokelewa tena mbele ya wote. Neno hilo linasema kwamba kundi lipo, kwamba kuna mtu amekosekana, na kwamba mlango uko wazi. Nidhamu ya Kanisa kwa asili yake ni huduma ya kutafuta. Utaratibu wa sura ya 18 ya Mathayo unaanza na mazungumzo ya watu wawili faraghani, kabla ya shahidi yeyote, kabla ya kikao chochote. Usharika unaoanzia mwisho, kwa tangazo au kwa minong'ono, umeruka hatua iliyo ngumu na iliyo ya thamani kuliko zote, yaani kwenda nyumbani kwa mtu na kuketi naye.

Hapa panahitajika kusemwa jambo moja kwa uwazi. Katika sharika nyingi nchini, familia iliyofiwa imepata kuulizwa juu ya bahasha za marehemu kabla ya kuulizwa juu ya kifo chake. Wajibu wa kutoa ni wa kweli, na msharika mwenye uwezo ambaye hushiriki baraka zote bila kushiriki mzigo wowote anastahili kuonywa akiwa hai. Lakini daftari la michango halikuandikwa kwa wino wa ubatizo. Aliyekosa kutoa huenda aliugua, alifutwa kazi, au aliona aibu kuja mikono mitupu. Kama hakuna mzee wa jumuiya aliyebisha hodi katika miaka hiyo yote, basi deni lililomo katika daftari si la marehemu peke yake. Usharika nao unadaiwa ziara.

Ndiyo maana jumuiya za nyumba kwa nyumba ni hazina kuliko jengo. Katika jumuiya ya kaya chache, kukosekana kwa mtu kunaonekana. Hapo Neno husomwa karibu na jiko, maombi hutaja mtu kwa jina, na njaa ya jirani haiwezi kufichwa nyuma ya nguo za Jumapili. Jumuiya inayokutana ili kukusanya fedha tu imegeuka kuwa kituo cha kodi. Jumuiya inayouliza kwanza hali ya kila kaya imerudia ujirani ule uliolibeba Kanisa katika miaka ya upweke.

7. Nje ya uzio wa kanisa

Ahadi iliyotunzwa vizuri ndani hutoka nje. Kanisa la mlima huu lilijenga shule na zahanati tangu mwanzo, na hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 ilitokana na juhudi za makanisa kupitia Shirika la Msamaria Mwema. Masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema wamelea watoto yatima na kuhudumia wagonjwa kwa miaka mingi, bila kelele.

Wakati wa ugonjwa wa UKIMWI, ambao nchini ulithibitishwa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983, Wakristo walipimwa vibaya. Wako waliohukumu kutoka mimbarani, na wako waliokwenda kufua nguo za wagonjwa. Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi walianzisha huduma ya HUYAWA kwa ajili ya watoto waliofiwa na wazazi, na mfano huo ulionyesha kwamba yatima anaweza kubaki kijijini mwake, katika shamba la baba yake, akitunzwa na majirani. Huo ulikuwa ubatizo ukifanya kazi: mtoto asiye na wazazi alikuwa bado na wadhamini, nao walikuwa usharika mzima.

Mlima wenyewe nao ni jirani. Misitu imepungua, vijito na mifongo ya wazee katika sehemu nyingi imekauka. Dayosisi ya Kaskazini imehimiza upandaji wa miti, na Askofu Fredrick Shoo amejulikana ndani na nje ya nchi kwa kazi hiyo. Apandaye mti wa asili kwenye chanzo cha maji huenda asinywe maji yake. Anayapanda kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajaletwa kisimani.

Na taifa pia ni sehemu ya wito. Mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka juu ya amani na haki katika taifa. Kusema na watawala kwa heshima ni wajibu wa maaskofu; kuwa mtumishi wa umma asiyepokea rushwa, mfanyabiashara mwenye mizani ya haki, mwalimu anayeingia darasani na dereva anayejali roho za abiria, huo ni waraka unaoandikwa na washarika kila siku.

Hitimisho

Karne ya pili ya usharika haitaanza kwa hotuba. Itaanza Jumatatu, pale viti vitakapokuwa vimerudishwa stoo na maturubai kukunjwa. Mambo matatu yanawekwa mbele ya Baraza la Wazee na washarika wote ili yafikiriwe. Kwanza, kila darasa la kipaimara lifungwe katika vikundi vidogo vya kutunzana, na majina ya wana ngao hao yaandikwe katika rejesta na kuulizwa kila mwaka, hasa mwezi Desemba, walio mbali wanaporudi mlimani. Pili, fungu la udiakonia litengwe kabla ya matumizi mengine, na taarifa yake isomwe mbele ya usharika sawa na taarifa ya ujenzi. Tatu, kila mzee wa kanisa apewe kaya za kutembelea kwa zamu, akianza na zile ambazo hazijaonekana ibadani, na aende bila daftari la michango.

Wazee wa miaka ya 1920 hawakujua kama wageni wangerudi, wala hawakujua kama kazi yao ingedumu. Walibisha hodi, walifundisha, walisuluhisha, walisali. Mia moja ya miaka imetoka katika uaminifu huo wa mambo madogo. Mungu Baba, aliyeanza kwa kuahidi, ni mwaminifu kuliko wote walioahidi mbele zake. Na aliyeivunja ahadi yake jana anaitwa leo arudi kundini.

Mungu aubariki Usharika, awabariki waliotangulia, awape nguvu walio kazini, na awalinde watoto watakaosoma kitabu hiki katika karne ijayo. Utukufu una yeye, sasa na hata milele. Amina.